Likipoa Linawaka

Siku ya nne baada ya mazishi, Benjamini alileta gari gereji. Aliliendesha mwenyewe kutoka kijijini kwao, mbele kidogo ya Kwihara, asubuhi kabla jua la Oktoba halijakaza, nalo likaja bila kukohoa hata mara moja mpaka mbele ya banda la fundi Adinani pale Kanyenye. Alilizima, akachomoa ufunguo, akabaki ameketi ndani mikono ikiwa juu ya usukani.

Adinani alikuwa chini ya lori dogo la mchele la mtu anayeitwa Masolwa, miguu tu ndiyo ilionekana nje. Aliliona lile gari jeupe, stesheni wagoni iliyopauka rangi, akalitambua kwa tairi zake.

"Bwana Benja," alisema akiwa bado amelala chini, "leo umekumbuka kuniletea yule jogoo wangu? Pampu nimekufungia mwezi mzima sasa, jogoo sijamwona."

Huo ulikuwa utani wao wa miaka mingi. Benjamini alizoea kujibu kwamba Mwarabu mweusi wa Tabora hali jogoo wa Mnyamwezi mpaka amwombe kwa magoti. Safari hii hakujibu. Adinani alijitoa chini ya lori, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama vizuri. Mwenzake alikuwa amenyoa kipara na macho yamemwiva.

"Kuna nini?"

"Julieth alijifungua Jumatano."

"Alhamdulillahi."

"Mtoto tumemzika Alhamisi."

Adinani alisema pole, na pole yenyewe ilimtoka kwa sauti ndogo. Benjamini aliitikia kwa kichwa, kisha akaeleza, macho yake yakiwa kwenye boneti, kwa utaratibu wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi.

Jumatano asubuhi alikuwa amepeleka viazi na abiria wanne mjini, akarudi. Alipoingia uani tu, mkewe Apolinaria akamwambia asizime gari, binti ana uchungu na maji yamekwisha kupasuka. Wakampakia Julieth kiti cha nyuma, wakageuza. Hawakufika mbali. Mahali penye mashamba ya tumbaku, kilomita kama tatu hivi kabla ya lami, gari lilikatika ghafla kama taa. Akapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka. Pikipiki mbili zilipita, lakini Julieth alikuwa hawezi kukaa. Lori la mchanga ndilo lililowachukua mwishoni, baada ya saa nzima na zaidi. Hospitali wakaambiwa mtoto amechoka tumboni. Alitoka akiwa kimya.

"Sisi tukiwa hospitali," Benjamini alimaliza, "shemeji yangu alirudi pale njiani kulichukua. Akaweka ufunguo, likawaka. Kama halijafanya kitu."

"Bwana Benja..."

"Sikuja kukugombeza. Kama ningekuja kukugombeza nisingekuja peke yangu." Aliweka ufunguo juu ya boneti. "Nataka kujua ilikuwa nini. Hicho tu. Ukikijua uje uniambie."

Alikataa kiti na hata maji ya kunywa. Alivuka barabara akatafuta pikipiki ya kumrudisha.

*

Adinani alikuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini na minne, na sifa yake mjini ilikuwa ni sikio. Watu walisema akilala usingizi gari likapita nje, ataamka akwambie valvu ipi imelegea. Sifa hiyo aliipenda kuliko pesa. Kijana wake wa zamani, Nasri, aliyekaa naye miaka sita akijifunza, alipoondoka kwenda kufungua gereji yake karibu na stendi na kununua mashine ya kupimia magari, Adinani alimwambia mbele ya wateja kwamba fundi anayehitaji televisheni ili ajue gari lina nini, heri akauze televisheni. Wateja walicheka sana siku ile.

Benjamini alikuwa amekuja mara mbili mwezi wa tisa. Mara ya kwanza alisema gari linazima likishapata moto, na likipoa linawaka. Adinani aliliwasha, akasikiliza dakika mbili, akabadilisha chujio la mafuta. Mara ya pili ilikuwa Ijumaa, zimebaki dakika chache aende msikitini. Benjamini alirudia maneno yaleyale: likipoa linawaka. Adinani aliinamisha sikio karibu na tangi, akasema pampu imechoka, inalalamika. Benjamini aliuza mbuzi wawili akanunua pampu. Ilipofungwa, gari lilinguruma vizuri, wakapeana mikono, wakataniana habari ya jogoo.

Sasa Adinani alifungua mlango wa nyuma wa lile gari. Kiti kilikuwa kimesuguliwa kwa sabuni, lakini doa lilikuwa halijatoka lote. Chini ya kiti cha mbele aliona mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na glovu, pamba, wembe mpya kwenye karatasi yake, na kipande cha mpira wa kutandika, vile vitu ambavyo mjamzito hutakiwa kwenda navyo. Hakuna kilichofunguliwa. Aliufunga mfuko vilevile, akauweka kiti cha mbele, mahali ambapo usingekanyagwa.

Kisha akakaa kwenye usukani, akawasha, akafunga vioo na boneti, akaliacha likinguruma juani.

Alikaa ndani nusu saa, ikawa saa nzima. Jasho lilimtiririka mpaka shati likashikana na kiti. Watu waliopita walimwuliza kama anaumwa. Sindano ya moto ilipanda ikatulia katikati, mahali pake pa kawaida. Saa moja na dakika kumi, injini ikakatika. Haikutetemeka wala kupunguza mwendo kwanza. Ilikatika tu, kama Benjamini alivyosema.

Alijua ana kama nusu saa kabla halijapoa. Alipiga stata, injini ikazunguka bila kushika. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye chuma huku amemwita mwenye duka jirani amsaidie kuzungusha ufunguo. Moto wa plagi haukuwepo. Akalegeza bomba la mafuta. Mafuta yakaruka kwa nguvu yakamlowesha kifua.

Pampu ilikuwa nzima. Na ile ya zamani, aliyoitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, pengine nayo ilikuwa nzima.

Alisimama na yale mafuta kifuani. Halafu akanawa mikono, akaenda stendi kwa miguu, haraka, karibu akimbie.

*

Nasri alikuwa na wateja watatu. Alipomwona mzee akija na shati limelowa petroli, aliacha kila kitu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nahitaji ile mashine yako."

Alisema hivyo mbele ya watu, na mmoja wa wale wateja alikuwa miongoni mwa waliocheka siku ile. Adinani alingoja kitu kisemwe. Nasri alichukua mkoba wake tu, akawasha pikipiki, akasema, "Panda, Mwalimu, lisije likapoa." Njia nzima Adinani alitamani kijana amtukane.

Walipofika, Nasri alichomeka waya chini ya usukani. Mashine ilisoma, ikasema hakuna kosa lililoandikwa. Adinani aliguna.

"Kumbe nayo haijui."

"Huwa haiandiki kila kitu. Ngoja tuangalie linavyofanya kazi. Piga stata, Mwalimu."

Adinani alizungusha ufunguo. Nasri alimgeuzia kioo aone. Injini ilikuwa inazunguka, wote wawili waliisikia, lakini kwenye kioo namba ya mizunguko ilikuwa sifuri.

"Kompyuta haioni injini ikizunguka," Nasri alisema taratibu. "Inadhani imesimama, kwa hiyo inakata moto wa plagi. Sensa ya krenki hiyo, ndiyo jicho lake la kuona mzunguko. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka."

Alichukua chupa ya maji ya kunywa, akainama upande wa mikanda, akamimina maji polepole juu ya kitu kidogo cheusi kilichojificha chini kule. Akasubiri kidogo. "Piga tena."

Gari likawaka.

Adinani alilizima, akashuka. Alichukua spana namba kumi, akafungua boliti moja tu, akaitoa ile sensa. Haikuzidi kidole gumba, kipande cha plastiki na chuma chenye waya mbili. Kazi yenyewe haikumaliza dakika tano.

"Ninayo mpya dukani," Nasri alisema. "Nitakuletea."

"Nitailipia. Na mashine yako nitailipia."

"Mashine hapana, Mwalimu." Alikuwa anakunja waya wake bila kumtazama. Habari za Benjamini alikuwa amekwisha kuzisikia. Stendi yote ilikuwa imezisikia. "Mzee, nina neno moja, unisamehe. Mwambie sensa ni kitu cha umeme, kinaweza kufa siku yoyote. Mwambie mwezi wa tisa ilikuwa pampu kweli, na hii imekufa sasa hivi. Nani atabisha? Mimi sitabisha."

Adinani alikunja mkono, ile sensa ikiwa ndani ya kiganja.

*

Mkewe Maua alikuwa na cherehani barazani, anashona sare za shule. Alimwona mumewe anaingia mchana, si kawaida yake, anapita moja kwa moja jikoni. Alimfuata. Alimkuta ameinjika maji kwenye sufuria ndogo ya uji, ameshika mita ya umeme mkononi.

"Baba Najiat, hiyo sufuria ya kulia."

"Nitakununulia nyingine."

Alibana waya za mita kwenye zile ncha mbili za sensa. Ikiwa baridi, mita ilisoma vizuri, elfu moja na kitu. Akaitumbukiza kwenye maji yaliyoanza kutoa moshi. Wote wawili walisimama wakitazama namba. Ilipanda kidogo. Ikapanda tena. Kisha ikapotea, kioo kikaonyesha ile alama ya waya uliokatika. Akaitoa, akaipepea kwa kifuniko. Namba ikarudi. Akaitumbukiza tena. Ikapotea. Alifanya hivyo mara nne, mpaka Maua akamshika mkono.

"Imetosha. Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Tangu ile mara ya kwanza?"

"Tangu mara ya kwanza. Aliniambia mwenyewe. Likipoa linawaka. Ningelikaa nalo saa moja tu ningeiona."

Maua alivuta kigoda akakaa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alimjua mumewe: kwamba alikuwa hodari, na kwamba alipenda kuonekana hodari.

"Utamwambia hivyo hivyo?"

"Nasri anasema nisimwambie."

"Nasri anakuonea huruma. Ukisema, mji mzima utajua kabla ya Ijumaa. Watu hawaleti gari kwa fundi aliyeua mtoto. Hivyo ndivyo watakavyosema, hawatasema vingine." Aliitazama ile sufuria yake. "Sikwambii usiende. Nakwambia ujue unakokwenda."

Adinani alizima jiko. Usiku ule hawakuzungumza tena habari hiyo.

*

Kesho yake alifunga sensa mpya, akaliacha gari juani saa mbili likinguruma, halikukatika. Akaliendesha mpaka kwa Benjamini.

Uani palikuwa bado na mikeka miwili ya msiba na watu wachache. Apolinaria alikuwa anachambua mchele. Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene aliyejifunga khanga nyeusi, Kabula, mama mkwe wa Julieth, aliyekuja na mwanawe Festo, mume wa Julieth, kutoka Igunga kwa basi. Adinani aliwaamkia kwa Kinyamwezi chake cha mjini, "Mwangaluka," wakamwitikia. Alimpa Apolinaria ule mfuko wa plastiki. Apolinaria aliuchungulia, akaufunga, akaukalia.

"Bwana Benja, tusogee pembeni kidogo."

"Sema hapa hapa," Benjamini alisema. "Waliopo ndio waliozika."

Kwa hiyo alisema akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Alitoa ile sensa ya zamani mfukoni, akaeleza kazi yake kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa. Alieleza maji ya moto na mita. Kila aliponyamaza alisikia kuku wakiparua.

Benjamini alichukua kile kitu, akakigeuza. "Haka?"

"Hako."

"Na pampu niliyonunua?"

"Pampu yako ya kwanza haikuwa mbovu."

"Siku ile ya Ijumaa, ungeweza kukaona?"

Hapo ndipo alipokuwa amepanga njia nzima aseme nini. Njia nzima alikuwa na majibu mawili.

"Ningeweza," alisema. "Ningeliacha lipate moto nikae nalo. Nilikuwa na haraka, nikajidai nimesikia. Na kulikuwa na kijana mwenye mashine hapo stendi, ningekutuma kwake. Sikutaka ujue kwamba anajua kuliko mimi."

Kabula ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo si kwamba binti alificha uchungu?"

Adinani hakuelewa. Apolinaria alimweleza bila kuinua macho kwenye ungo: tangu msiba ulipoanza ilikuwa inasemwa kwamba Julieth alianza kuumwa alfajiri akanyamaza, akafua nguo, akangoja mpaka baba yake arudi kutoka mjini, kwamba angesema mapema mtoto angekuwepo. Yeye mwenyewe hakubisha.

"Na alificha," Kabula alisema, lakini kwa sauti iliyopungua. "Alfajiri alikuwa anaumwa."

"Mama, mimba ya kwanza uchungu huanza hata siku nzima kabla," Apolinaria alisema. "Nimekwambia. Hukutaka kusikia."

Julieth alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alikuwa amejifunga khanga kifuani, imebanwa sana ili maziwa yakauke, na juu ya khanga palikuwa na madoa mawili ya duara ya unyevu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, lakini alisimama akijishikilia kwenye mhimili kama kikongwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Ilimchoma kuiitikia.

"Gari lingekuwa zima tungefika saa ngapi?"

Adinani alimtazama Benjamini. Benjamini hakumsaidia.

"Kutoka pale liliposimama, nusu saa haifiki."

"Daktari alisema kama ningewahi hata kwa saa moja, mtoto angepona." Alikuwa anapiga hesabu polepole. "Kwa hiyo tungewahi. Hata kwa muda ule nilioondoka hapa, tungewahi."

"Mngewahi."

Julieth aliteremka taratibu mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali kuwa ni mimi," alisema. "Nilikuwa nawaza nikirudi Igunga nitamtazamaje Festo." Akafunika uso kwa viganja. Apolinaria aliweka ungo chini, akaenda akamkumbatia. Kabula alibaki mkekani. Alitazama ukuta, akavuta khanga yake, akaivuta tena.

Benjamini aliingiza mkono mfukoni. "Bei yako?"

"Hakuna bei."

"Bei gani, fundi?"

Katika miaka yao yote hakuwahi kumwita fundi. Adinani alitaja bei ya sensa. Benjamini alimhesabia mbele ya watu wote, akaongeza ya ufundi, akamwekea mkononi.

"Umesema ukweli na nimeusikia," alisema. "Binti yangu ameusikia pia, na hilo ni kubwa. Lakini sitakuja tena Kanyenye. Nikikuona nitakuwa namwona mtoto. Usinichukie."

"Sikuchukii."

"Basi nenda salama."

Hakuna aliyejitolea kumrudisha. Pikipiki zilipiga honi kumpita, hakuzisimamisha. Alirudi kwa miguu kwa njia ile ya zamani iliyopitiwa na misafara ya pembe za ndovu, vumbi jekundu mpaka magotini, pesa za Benjamini bado amezishika mkononi kwa sababu hakujua azitie wapi.

*

Alasiri ilikuwa imeingia alipofika nyumbani. Maua aliacha cherehani, akamletea maji ya kunywa.

"Masolwa amekuja kuchukua ufunguo wa lori lake," alisema. "Amesema litamaliziwa kwingine. Hakunitazama usoni."

Adinani alikunywa, akaweka kikombe chini. Alimsimulia yote kwa utaratibu, na hakujipunguzia: Ijumaa, mashine, maneno ya Kabula, na yule binti kwenye kizingiti. Maua alisikiliza akiwa amesimama. Adinani alipomaliza, alimwuliza jambo ambalo hakulitazamia.

"Alikuwa mtoto wa nini?"

"Nini?"

"Wa kike au wa kiume?"

Adinani alifungua mdomo. Alikuwa amekaa na lile gari siku mbili. Alijua joto lililoiua ile sensa, na dakika, na kilomita. Alitafuta kichwani mwake, akakuta hakuna.

"Sikuuliza," alisema.

"Walimpa jina?"

"Sikuuliza, Mama Najiat."

Maua alimwangalia muda mrefu. Hakumlaumu, na hakumgusa. Alikwenda barazani akaanza kukunja zile sare moja moja na kuzipanga, kama mtu anayejiandaa kusafiri.

"Kesho nitakwenda mimi," alisema. "Nitakaa na wale wanawake. Si kukuombea msamaha. Nitakaa nao tu, na jina nitaliuliza."

Adinani alibaki pale alipokaa. Jirani mmoja alipita nje, akatoa salamu, naye akaitikia akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ambayo jirani hakuisikia.